Dereva Mpya na Mkwe Wake

Majuzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya malori mjini Kisii. Karani alimuuliza dereva mpya kutoka Ikonge kama angependa kupeleka chai Mombasa peke yake au wakiwa wawili.

"Wawili, bwana. Mmoja akiendesha, mwingine analala."

Karani akamwita dereva wa pili. Akaingia mzee mmoja. Kijana akavua kofia, akatazama sakafu, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Nimeoa binti yake," akamnong'oneza karani. "Nitakoromaje mbele ya mkwe?"

"Hata mimi siwezi," mzee akasema, macho mlangoni.

Lori la Bedford lilikuwa moja tu, wakaenda. Jana karani aliniambia chai ilifika mapema ajabu. Hakuna aliyethubutu kusinzia, wala kusimamisha lori apumzike.

Wenye malori, mmesikia? Wapangeni wakwe pamoja.