Miche ya Bangi na Kitenge Kilichonipeleka Polisi

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye kiti cha chemo, au ukiwa unamsubiri mtu wako aliyekaa kwenye kiti hicho, mimi naitwa Goreti. Ni Mrundi, mama wa binti mmoja, na ninaishi Durban kwa karatasi ya ukimbizi. Nilikuwa na saratani ya titi. Leo sina. Nitaeleza ilivyokuwa, na habari ya bangi nitaieleza pia, maana wengi mmeniuliza kwa kunong'ona na mimi nimechoka kujibu kwa kunong'ona.

Kabla ya kuugua nilikuwa msusi. Nilikuwa na kiti changu kwenye saluni moja South Beach, nasuka tangu asubuhi hadi miguu inavimba. Mikono yangu ilikuwa na kasi na mdomo wangu vilevile, na wateja walisema wanalipia vyote viwili. Mafua yalinikuta kazini na yakaniacha kazini.

Siku moja nikioga niliona chuchu ya titi la kushoto imeingia ndani. Nikabonyeza, nikakuta kitu kigumu kisichouma. Kwa kuwa hakikuuma, nilikiacha. Baadaye yakaanza kutoka maji ya rangi ya kutu, nikaweka pamba ndani ya sidiria na kuendelea kusuka. Kilichonipeleka hospitali ni harufu. Mteja mmoja aligeuza uso wake pole pole, kwa adabu, nami nikaelewa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. "Ni saratani," akasema. "Tutaondoa titi, halafu utapata chemo." Nikamuuliza kama teksi za kwenda Sydenham, mtaa ninakoishi, bado zinapatikana saa hizo. Sikulia wala sikuanguka. Niliganda tu, na kule kuganda kulikaa nami muda mrefu.

Wakakata titi. Nilitoka na mpira kwapani unaodondosha damu na maji ndani ya chupa, na nilikuwa naubeba kama mkoba. Kisha chemo ikaanza. Nilitapika hadi nyongo, mdomo ukajaa vidonda, choo kikafunga, kucha zikawa nyeusi, nywele zikatoka zote. Vidole vya mikono na miguu vikafa ganzi, kikombe kikawa kinanidondoka bila mimi kujua. Msusi asiyezihisi nywele ni msusi gani? Nilikuwa naangalia ukuta.

Dawa za kuzuia kutapika nilipewa, zikasaidia nusu. Siku moja daktari alinipima uzito, akaniangalia. "Goreti, ukiendelea kupungua itabidi nisimamishe chemo. Na nikisimamisha sasa, siwezi kukuahidi chochote."

Mwenye nyumba wangu, mjane tunayemwita Aunty, ndiye aliyetaja bangi. Marehemu mume wake ilimsaidia kula. "Panda kwenye ndoo nyuma ya ukuta," akasema. "Uwanja ni wangu, nimekuruhusu." Nikamwuliza daktari. Akajibu bila kupepesa macho: "Haiponyi saratani. Inaweza kukutuliza tumbo. Usiache dawa zangu, na uniambie kila unachotumia."

Bado sikupanda. Mkimbizi hapandi hata mchicha kabla ya kuulizia sheria. Nikaenda kwa wakili anayesaidia wakimbizi, dada mmoja aitwaye Nomsa. Alinieleza taratibu, kama anayeongea na mtu aliyetoka usingizini. Mtu mzima anaruhusiwa kupanda kwa matumizi yake mwenyewe, mahali pa faragha, pasipoonekana na wapita njia. Miche iwe michache. Mtoto asiifikie. Mtu mzima mwenzako unaweza kumpa, bure. "Usiuze," akasema. "Kuuza ni jinai, na kwa karatasi yako, jinai inaweza kuwa mwisho wa kukaa hapa." Nikamwambia mimi siuzi kitu. Niliamini nimeelewa.

Nikapanda. Majani niliyachemsha kwa moto mdogo ndani ya mafuta ya kupikia, nikachuja, nikatia kwenye chupa. Mara ya kwanza nilizidisha, nikalala hadi binti yangu akadhani nimekufa. Baada ya hapo ikawa matone machache juu ya wali. Nilikula. Sikufurahi, ila nilikula, na uzito ukasimama.

Kwenye kiti kilicho jirani na changu hospitalini alikuwa akikaa Mzee Saidi, Mtanzania wa Tanga, mwenye saratani ya tumbo. Mkewe, Mama Asha, aliniona nakula mkate baada ya chemo, akataka kujua siri. Nikampa chupa moja ya mafuta yangu. Wiki iliyofuata alikuja kwangu Sydenham na mchele na kitenge kipya, na mimi nilikuwa nimemwekea chupa nyingine.

"Iko nini hii, Mama Asha? Miye nilikupatia tu bure."

"Mdogo wangu, nije kwa mgonjwa mikono mitupu? Mimi sikulelewa hivyo."

Nikapokea. Kati yetu sisi nani angekataa?

Siku hiyohiyo polisi walikuwa wanapekua watu nje ya ghorofa wanaloishi Mama Asha na mumewe kule South Beach. Wakaikuta chupa kwenye mkoba wake. Askari akamuuliza kama amenunua. Akasema hapana, amepewa. "Na wewe ulimpa chochote?" Hapo mwanamke wa watu akaona aibu kuonekana mchoyo mbele ya wageni. "Ndiyo, nilimpelekea mchele na kitenge," akasema. "Tena kitenge cha maana."

Jioni gari la polisi likasimama kwetu, yeye akiwa ndani. Waliitazama miche, wakanitazama na kipara changu, wakanichukua. Siku ya pili yake nilikuwa na chemo. Nilikaa kwenye benchi la kituo nikiwaza hilo tu, tena bila hofu, kama mtu anayewaza habari za jirani. Mama Asha alivua mtandio wake wa juu, akanifunika kichwa.

"Nimekosa nini kusema kweli?" akaniuliza.

Nomsa alikuja, akahakikisha tunatoka usiku uleule, na chemo nikaipata. Lakini kesi ilibaki inaning'inia. Nikawa nakwenda hospitali na mahakamani, mahakamani na hospitali. Kupanda hakukuwa tatizo, kumpa mtu hakukuwa tatizo. Kesi yote ilikuwa juu ya kitenge, kama kilikuwa zawadi au malipo. Nomsa alimweleza mwendesha mashtaka kwamba kwa watu hawa kumtembelea mgonjwa na kitu mkononi ni desturi, na kwamba kitenge kile kingekuja hata kama chupa isingekuwepo. Mama Asha akaandikisha maneno hayo na kuyatilia sahihi. Mwishowe mashtaka yakaondolewa, tukaonywa.

Nje ya mahakama Nomsa alituambia: "Goreti, ukimpa mtu, usipokee kitu. Hata ndizi."

Mama Asha akanigeukia. "Basi mimi siji tena. Nikaingie kwa mgonjwa kama mwizi?" Akaondoka, na kweli hakuja.

Chemo nikaimaliza. Daktari akasoma picha, akasema haoni kitu. Nikasema asante, nikapanda teksi. Ganzi ya vidole imepungua lakini haijaisha. Sasa nasuka vichwa vichache, natazama ninachokifanya badala ya kukihisi.

Kwa hiyo nakushauri, ndugu yangu. Titi lisilouma nalo lipelekwe hospitali. Bangi haikuniponya, ilinisaidia kula ili dawa iniponye, basi usimfiche daktari wako. Kama umepanga nyumba, mwombe ruhusa mwenye nyumba kabla ya kupanda. Usiipande kwenye roshani ya ghorofa ambako barabara nzima inaiona. Usiendeshe gari ukiwa umeitumia, na usiivushe mpaka wa nchi ukienda kusalimia nyumbani. Sheria yenyewe bado inarekebishwa, hivyo muulize wakili, usiliulize kundi la WhatsApp. Na ukimpa mgonjwa mwenzako, mkatalie zawadi yake, ingawa itakuuma.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, Nomsa na Aunty. Lakini zaidi namshukuru Mama Asha. Mzee Saidi hakupata bahati yangu. Madaktari walimrudisha kwake South Beach wakasema kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Asubuhi moja nilifungua mlango nikamkuta mkewe amesimama nje. Hakuwa na kapu wala mfuko. Alikuwa ameinamisha uso.

"Nimekuja mikono mitupu, mdogo wangu," akasema. "Mzee hali kitu."

Alilia kwa aibu, nami nikalia, kwa mara ya kwanza tangu nilipoambiwa ninaumwa nini. Nikamletea chupa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaondoka bila kuniachia kitu.