Ukuta wa Upande wa Tambarare

Iko siku moja ya mpira naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nakuhadithia kwa sababu jana nilikusikia ukijigamba kwamba kwenye msaragambo, ile kazi ya wote ya Jumamosi, mtatengeneza jukwaa lenu vizuri, la wapinzani mtalijenga kwa kulipua tu, bora liishe.

Uwanja wetu huu wa Same haukujengwa na tajiri. Tuliujenga kwa msaragambo: baragumu linalia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu, na asiyefika anaona aibu hata kupita njiani. Timu za nyumbani zilikuwa mbili, kama sasa. Tangawizi ni yetu sisi wa milimani, Tambarare ni ya watu wa mjini, huku barabarani. Mimi nilikuwa fundi mwashi chipukizi, na Tangawizi ilikuwa damuni. Mzee Mbwambo, msimamizi wa kazi, akanipa nijenge ukuta wa nyuma ya mashabiki wa Tambarare. Nikanuna. Yaani jasho langu liwape wale kivuli! Basi mawe nikayaunga kwa udongo mtupu, nje nikapaka saruji ikang'aa, iliyobaki nikaipeleka upande wetu. Mzee akaupiga jicho, akanisifu, nami nikacheka moyoni. Nilikuwa mjinga, na mjinga mwenye ufundi ndiye wa kuogopwa.

Ikafika mechi ya watani. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Nikiwa jukwaani kwetu nikatazama ng'ambo: vijana wamekwea ukuta wangu, wananing'iniza miguu. Chini yao, kivulini, ameketi dada yangu Namkunda aliyeolewa mjini, mtoto mgongoni. Na juu ya kichwa chake plasta imepasuka, ufa nauona toka ng'ambo.

Nilinyamaza, mwanangu. Nikajiambia, utahimili. Nikisema, wenzangu watanionaje? Na Mzee je? Mpira ukachezwa, sikuuona. Kila vijana waliporuka kwa furaha, macho yangu yalirudi kwenye ule ufa. Kipindi kizima nilikaa na aibu yangu, dada yangu amekaa na kifo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila kile kilitaka kuniumbua kupitia mtoto asiye na kosa.

Kipindi cha pili Tambarare wakapata penalti. Mashabiki wao wakasimama wote, wengine wakauparamia ukuta waone vizuri. Hapo hofu ikaishinda aibu. Nikavuka uwanja mbio, mpigaji ameshauweka mpira, watu wananizomea, refa anapuliza filimbi.

"Shukeni! Huo ukuta ni wa udongo! Nimeujenga mimi!"

Namkunda akanitazama, akainuka na mwanawe. Vijana wakashuka mmoja mmoja, wa chini wakasogea. Mzee Mbwambo akaja, akazunguka nyuma ya ukuta, akauweka mkongojo wake usawa wa ufa, akasukuma kidogo tu. Ukuta ukalala chini wote, palepale alipokuwa ameketi dada yangu.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

Hakuitikia. Alisema, "Kijana, baragumu halikuita Tangawizi. Liliita watu."

Nani alishinda mechi ile hata sikumbuki. Ukuta niliujenga upya peke yangu, kwa saruji, timu zote mbili zikifanya mazoezi mbele yangu. Kila adhuhuri Namkunda aliniletea maji ya kunywa, akaweka kata chini, akaondoka. Hakusema nami mpaka jiwe la mwisho.

Mwanangu, ishangilie timu yako mpaka sauti ikauke, sikukatazi. Lakini kazi ya wote ifanye kama atakayeketi pale ni mwanao. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzio hajakaa chini ya kosa lako. Mungu akujalie mikono isiyolipua kazi, na ulimi usiongoja penalti.