Mume wangu anawakata watoto wa watu vimeo

Admin, naomba usiweke jina wala picha, maana wanaonifahamu hapa ni wengi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, fundi cherehani, naishi Sombetini na mume na watoto wawili. Mume wangu ni afisa tabibu katika zahanati moja ya binafsi. Mtaani wote wanamwita Dokta, na mimi nilikuwa naitikia "Mama Dokta" kwa raha zangu. Siku hizi nikiitwa hivyo najifanya sijasikia.

Mwaka jana alifungua duka la dawa kwenye chumba chetu cha mbele, na huko ndiko akina mama wanakopeleka watoto wenye kikohozi kisichoisha. Wanataka wakatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Zamani walikuwa wanakwenda kwa mabibi. Sasa wanaogopa, wanasema bora kwa Dokta, ana koti jeupe na ana dawa ya ganzi. Na yeye anakata. Nilijua siku niliyotoka sokoni nikakuta kwenye beseni ninalooshea vikombe vya wanangu pamba zenye damu, na kinyama kidogo kama punje ya hindi. Beseni lile nililitupa. Nilipomuuliza akaniambia, "Nisipowakata mimi watakwenda kwa bibi mwenye kisu cha kutu. Kwangu angalau kuna spiriti." Kusema kweli, maneno yale yaliniingia.

Kisha akamkata mtoto wa jirani yangu, nimwite Mama Dorini. Mtoto akavuja damu mpaka wakamkimbiza hospitali akaongezewa damu. Na huko wakagundua kumbe ana nimonia, kikohozi kilikuwa cha mapafu tangu mwanzo. Kabla hawajaondoka kwenda hospitali nilimsikia mume wangu akimwambia yule mama kwa upole kabisa, "Wakikuuliza, sema alikatwa na bibi huko kijijini. Ukinitaja mimi nitafungiwa, halafu watoto wako atawatibu nani?" Mama wa watu akaenda akadanganya. Akagombezwa na manesi kama mtu asiye na akili. Mtoto alipopona akatuletea jogoo na mkungu wa ndizi, asante ya Dokta. Mwenzangu akamla yule jogoo, akasifia na mchuzi. Mimi sikugusa hata kipande.

Sasa kilichonimaliza ni hiki. Mwezi uliopita kichanga chetu kilishikwa na kikohozi. Mama mkwe alikuwa kaja kutoka kijijini kwao mlimani, akamwambia, "Mwanangu, si umkate tu kimeo, wewe ndiye mwenye kazi." Mume wangu akacheka. "Mama, hayo ni ya zamani. Kimeo hakileti kikohozi. Huyu anakwenda kupigwa picha ya kifua." Na kweli akampeleka asubuhi ile ile. Mimi nilikuwa nimeshika nepi, nayasikia yote. Kumbe anajua! Nilimfuata chumbani nikamuuliza, na wale wengine je? Akanijibu huku anachana nywele, "Wale mama zao wanakuja na jibu lao mkononi. Mimi ni nani niwabishie?" Jamani, mtu amesomea tiba, analijua kosa, na bado anashika mkasi. Tangu siku ile akinigusa namwambia naumwa.

Leo Alhamisi mdogo wangu anayekaa Kaloleni amenipigia. "Dada, Jumamosi namleta mwanangu kwa shemeji amkate kimeo. Ameshakubali." Nikamwambia usithubutu, wa kwetu mwenyewe hakukatwa, alipigwa picha. Akakata simu akampigia shemeji yake. Akanirudia anacheka. "Shemeji anasema wa kwenu kimeo chake ni kifupi, hakina shida. Dada, samahani, yeye ndiye daktari, wewe ni fundi cherehani."

Nikienda kwa mganga mkuu wa wilaya, duka litafungwa, atafukuzwa kazi, pengine atafungwa, na ukoo wake utasema mimi Mchaga nimemmaliza mtoto wao. Wanangu watakula cherehani yangu, na mnajua cherehani inalisha vipi Januari. Nikinyamaza, Jumamosi mtoto wa mdogo wangu anakalishwa kwenye kiti cha dukani, na mimi nitakuwa chumba cha pili nasikia.

Wenye uzoefu nishaurini, nianzie wapi na kwa nani, siku ndiyo hizi mbili. Ila msiniambie nimwombee. Nimemwombea mwaka mzima, na jana kanunua mkasi mpya.