Kazi Aliyotanguliwa Mwalimu Waya

Chuoni walimwita Mwalimu Waya, na hata mkuu wa chuo alishasahau jina lake la kwenye vyeti. Alifundisha kompyuta katika chumba chenye mashine ishirini na mbili zilizochoka, ambazo mifumo endeshi ya kisasa ilizikataa katakata. Mfumo mmoja tu ndio uliozikubali: mdogo, huria, wa watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Tatizo, haukujua mtandao. Mashine zilikaa kimya kama ndugu walionuniana.

Mwalimu akajitwika kazi ya kuuhamishia programu za mtandao kutoka mfumo mwingine huria, mkubwa zaidi. Akawaandikia wasimamizi wa ule mradi mdogo kwamba angehitaji mwaka mmoja. Wakamkubalia.

Kunakili hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuzizoeza programu zile ugenini, kwa kuwa kule kumbukumbu ya kompyuta iligawiwa kwa namna nyingine kabisa. Katika mwezi wa nane wa kazi, pakiti za habari zilianza kwenda na kurudi, lakini kila baada ya saa sita mashine iliganda. Pakiti ikiingia huchukua nafasi kwenye kumbukumbu; ikishasomwa, nafasi hurudishwa. Mahali fulani haikuwa ikirudishwa.

Hapo ndipo mkewe alipoingia kazini. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni, ubavuni mwa meza ya mumewe. Mwalimu alichapisha kurasa za nafasi zilizotolewa, namba zilizochanganyika na herufi. Mke akawa anazisoma kwa sauti, mume anazitafuta kwenye orodha ya zilizorudi.

"Saba, nne, nane, sifuri."

"Imerudi."

"Saba, nne, be, sifuri."

Mwalimu akakagua mara mbili. "Haipo."

"Hiyo imekula kona," mke alisema, akaichoma pini ya kushonea. "Wenzangu wanatolewa matembezi. Mimi nasomeshwa namba za simu za mashetani."

Kurasa zilijaa pini. Kisha mke akaanza kusoma huku amejishika tumbo, akisema ni uchovu tu. Daktari alipompima alikuta uvimbe kwenye kongosho, nao ulishasambaa.

Kwa miezi mitano Mwalimu hakugusa kompyuta yake. Wasimamizi wa mradi waliandika kuuliza kama bado yupo. Aliusoma ujumbe kwenye korido ya wodi, akarudisha simu mfukoni.

"Ulikipata kile kilichopotea?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Nimekipata."

"Kilikuwa wapi?"

Mwalimu akaanza kueleza jambo refu lisilo kichwa wala miguu. Mke akamsikiliza hadi mwisho.

"Mume wangu, uongo huuwezi," alisema, akacheka mpaka muuguzi akaja kumwinua.

Alifariki wiki hiyo hiyo.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, Mwalimu aliwasha kompyuta. Akakuta mwanafunzi wa nchi nyingine amewasilisha kazi ile ile, nayo imeshapokewa. "Tulisubiri," msimamizi aliandika. "Tukadhani umeiacha."

Binti yake alikuwa amesimama nyuma yake. "Waandikie, Baba. Waambie ulikuwa unauguza."

"Ili iweje? Waitupe kazi ya mwenzangu kwa kunihurumia?"

"Ilikuwa kazi yako na Mama."

Mwalimu alikwenda chumbani akafunga mlango. Siku ya mazishi hakulia. Safari hii alilia.

Baadaye aliijaribu kazi ya yule kijana chuoni, nayo ikaganda baada ya saa sita. Naye alikuwa amechota kisima kile kile, programu za ule mfumo mkubwa. Mwalimu akatandaza kurasa mezani, pini zikiwa mahali pake, akalinganisha kwa siku nne namba zile na pakiti zilizoingia. Pini zote ziliangukia pakiti kubwa zilizofika vipande vipande, kipande kimoja kikapotea njiani. Vipande vilivyokingoja havikutupwa kamwe, na nafasi zake hazikurudishwa.

Akamwandikia kijana mistari kumi ya kumwonyesha kosa. Kijana akarekebisha siku ile ile, akamshukuru kwa adabu. Kuhusu mkewe, Mwalimu hakumwambia neno.

Mashine zote zilipounganishwa, wanafunzi walishangilia kidogo, kisha wakaanza kutumiana picha na kutaniana. Mwalimu aliwaangalia hadi kipindi kikaisha. Mwisho wa muhula akaomba kustaafu, akahamia kwa binti yake. Kompyuta yake aliiachia chuo.