Bwana Kilo, mpima abiria aliyegeuza uso wa mizani

Saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa jengo la abiria unafunguliwa kwa bega. Ufunguo upo, ila ubao huvimba kila mvua inaponyesha, na anayejua pa kuusukuma ni mtu mmoja tu. Anaingia, anawasha taa, anapangusa mizani ya chuma iliyo katikati ya chumba, kisha anaipanda mwenyewe kuona kama leo inasema kweli.

Kwenye uwanja huu mdogo wa ndege wanamwita Bwana Kilo. Kazi yake ni kupima mizigo, na kupima watu pia. Ndege inayotua hapa ina viti kumi na viwili na propela mbili, na rubani haiwashi mpaka ajue uzito wote ulioingia ndani na umekaa upande gani.

"Leo nina abiria kumi na mmoja," anasema huku akivaa koti la njano la kazi. "Kumi hawanipi shida."

Wa kumi na mmoja ni mama mkwe wake. Kesho anatakiwa kufanyiwa upasuaji wa macho kwenye hospitali kubwa, katika mji ambao kwa basi ni safari ya kutwa, na nyonga yake haiwezi tena kukaa kutwa kwenye kiti cha basi. Miezi miwili iliyopita alifika hapa hapa na tiketi yake. Akapanda mizani, akashuka, akarudi nyumbani bila kumwambia mtu kwa nini. Jicho la kulia limeshazimika. La kushoto, daktari ameonya, likiahirishwa tena hakuna kisu kitakacholirudisha.

Abiria wanaanza kuingia, na maswali yao wameyabeba pamoja na mabegi.

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni anataka kujua kama ndege ina choo. "Haina, dada. Choo ni kile pale, mlango wa bluu. Nenda sasa hivi hata kama huna haja, maana haja inajua kukufuata juu." Mzee mwenye kofia anauliza kama dirisha linafunguka, kwa sababu yeye akikosa upepo hutapika. Halifunguki. Anapewa mfuko wa karatasi na kiti cha karibu na bawa, mahali ambapo mtikisiko hupungua kidogo.

Nyuma yao kuna fundi bomba aliyekumbatia kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Bwana Kilo anakigonga kwa kidole, kinalia chuma. Ni mtungi wa gesi, zawadi anayompelekea dada yake aliyehamia nyumba mpya.

"Jamani, kiwanja chenyewe hiki kidogo, sote tunajuana," fundi analalamika. "Na hapa mnapekua?"

"Moto hauulizi ukubwa wa kiwanja, kaka. Mpigie simu mwenzako aje auchukue."

Huu ni mwaka wake wa kumi na mbili kazini. Mshahara unalipa kodi na ada za watoto wawili, halafu unamuaga. Anachokipata bila makato, anasema, ni vichekesho. Watu wengi huamini kwamba uwanja ukiwa mdogo, ndege nayo ni kama ndugu wa nyumbani, itasubiri. Anamkumbuka bwana mmoja aliyempigia simu propela zikiwa zinazunguka. "Aliniambia, mwambie rubani niko njiani, nakata kona. Huku nasikia maji yanamwagika na sabuni inamponyoka. Alikuwa bafuni!"

Wengine hufika wakiwa wameshachagua viti. Hapa viti havichaguliwi, hupangwa kwa uzito ili ndege isielemee upande mmoja. Siku moja aliwatenganisha maharusi waliofunga ndoa jana yake, mume mbele, mke nyuma kabisa. Bwana harusi alinuna mpaka akasahau begi. Bibi harusi alikuwa hajalala siku tatu kwa shughuli za watu, akasinzia hata kabla ndege haijaruka, wala hakuuliza mumewe yuko wapi.

Ukungu ukishuka, rubani huambiwa mvivu. Ndege ikitikisika, wanaoshuka huapa kwamba waliponea chupuchupu. Bwana Kilo hujibu kwamba kutikisika si kuanguka, hata baiskeli kwenye kokoto hutikisika na mwenye nayo anafika. Kuhusu ukungu hana maneno mengi zaidi ya kawia ufike.

Lakini ugomvi mkubwa ni wa mizani. "Mimi si gunia la mkaa," ameambiwa mara zisizo na idadi. Wapo wanaovua viatu, wapo wanaovuta pumzi na kuibana kama vile hewa ina kilo. Wapo wanaoamini kwamba ukizidi unaachwa mbele za watu, wakati ukweli ni kwamba kinachotangulia kuachwa ni mizigo, nayo hufuata kwa ndege ya pili. Mwandishi wa makala haya naye alipandishwa, na matokeo yake hayahusiani na habari hii.

Zamani uso wa mizani ulielekea foleni. Karani wa tiketi, anayekaa nyuma ya kidirisha, hakuweza kuuona, kwa hiyo Bwana Kilo alimsomea. Na aliposoma, alisoma kweli. "Sabini na tisa! Mia na nne! Hamsini na tano na mkoba wake!" Ana sauti ya muadhini aliyekosa mnara, na hakuona sababu ya kuibana.

"Watu walicheka. Nikadhani wanafurahi," anasema.

Siku ile mama mkwe alipopanda, alisoma vilevile. "Arobaini na moja!" Ilikuwa arobaini na moja pamoja na sweta mbili, gauni juu ya gauni na viatu. Foleni haikucheka. Mtu mmoja nyuma alisema, "Maskini." Mama akashuka taratibu, akaomba mkongojo wake, akasema ndege si yake.

Familia nzima ilifikia uamuzi mmoja: mama anaogopa kuruka. Wakaanza kumtibu ugonjwa usiokuwepo. Shemeji alimwonyesha video ya rubani akitabasamu. Mjukuu alimwambia kuna peremende. Bwana Kilo mwenyewe, mtaalamu wa nyumba, alikaa naye jioni nzima akimweleza propela, mafuta, matairi, na kwa nini bawa halivunjiki.

"Alinisikiliza mpaka mwisho," anakumbuka. "Kisha akaniambia, asante baba, umeeleza vizuri, ndege ni zenu nyinyi mnaoona. Nikarudi nyumbani nikijisifu kwamba angalau amenielewa."

Aliyeipata kweli ni mkewe, na hakuipata kwa kuuliza. Alikwenda kwa mama yake siku mbili kumsaidia kufua. Jikoni alikuta jiko la mafuta ya taa lina vumbi. Mkono wa mama ulikuwa na kovu jipya la moto, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Tangu macho yazidi kufifia, mama aliogopa kuiunguza nyumba, basi akawa anawasha jiko mara moja kwa siku, baadaye siku moja moja, mwishowe akaliacha. Alikuwa akiishi kwa mkate na maji ya sukari. Kila jioni simu ikipigwa, alisema amekula na kushiba.

"Nikalia, nikamuuliza, mama, kwa nini hukusema?" anasimulia mke, ambaye leo anasafiri na mama yake, mkoba wa mama ukiwa mapajani. "Akaniambia, ningesema nini tena? Mumeo amekwisha kuitangaza njaa yangu uwanjani."

Bwana Kilo anaposikia mkewe akirudia maneno hayo, anainamia mizani na kuipangusa, ingawa aliipangusa asubuhi.

"Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona," anasema. "Miaka yote nilikuwa nawaambia watu hawaelewi. Hawaelewi mambo ya ndege. Kumbe kuna jambo wao walikuwa wanalielewa, mimi ndiye nilikuwa sijui. Ndege inataka kujua uzito. Haijaomba utangazwe."

Kesho yake alikwenda kwa msimamizi wa uwanja kuomba ruhusa ya kugeuza mizani. Msimamizi akauliza, "Kwani mashine imelalamika?" Alipoelezwa ni nani aliyelalamika, akafungua droo na kutoa spana.

Kazi yenyewe ilikuwa boliti nne. Sasa uso wa mizani unamwelekea karani peke yake, na mtu hupimwa akiwa amebeba mkoba wake, ili hata karani asijue kilo ngapi ni za mtu na ngapi ni za mkoba. Bwana Kilo husimama kando, akiipa mizani mgongo, akipanga mabegi. Anakiri kwamba wiki ya kwanza koo lilimwasha. Ugomvi wa gunia la mkaa umepungua sana.

Mama naye alihamishiwa nyumbani kwa Bwana Kilo. Analala chumba cha wajukuu, na cherehani yake imesimama dirishani imefunikwa shuka, kwa sababu alikataa kuhama bila hiyo. Alikuwa fundi wa nguo. Asubuhi hii, akiwa amekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake, anaongea na mwandishi bila kuhitaji kuulizwa sana.

"Nimewapima watu viuno tangu sijaolewa," anasema. "Wanene, wembamba, wajawazito ambao hata mama zao hawajaambiwa. Fundi anazungusha futi, anaandika, ananyamaza. Nguo ikivaliwa ndiyo itasema. Huyu mkwe wangu ni mtu mwema, lakini angekuwa fundi nguo asingepata wateja."

Je, leo atapanda? "Nione kwanza," anajibu, kisha anacheka mwenyewe kwa neno hilo.

Zamu yake inafika. Bwana Kilo anaita jina la kila abiria, lakini hili la mama mkwe halitoki, kwa hiyo anasema tu, "Mama, karibu." Binti yake anamshika kiwiko. Kwenye ukingo wa mizani mama anasimama, na chumba kizima kinasimama naye, ingawa ni watatu tu wanaojua kwa nini. Anavua sweta, anampa binti yake. Anampa mkoba pia, na mkongojo. Anapanda mikono mitupu.

Bwana Kilo ameshageuka. Anautazama mlango ule uliovimba kama vile ndiyo kwanza anauona. Karani anasoma kimya na kuandika.

"Tayari, mama, shuka taratibu," karani anasema.

Mama hashuki. "Mkwe."

"Naam, mama."

"Mbona kimya?"

"Siku hizi hatutangazi, mama. Tuliacha."

"Vizuri mliacha. Sasa hizi kilo ni za nani?"

"Zako, mama."

"Basi mimi mwenyewe ndiye nakuomba. Sema."

Bwana Kilo anamtazama karani. Karani anamwonyesha karatasi kupitia kidirisha. "Arobaini na sita," Bwana Kilo anasema, kwa sauti ya mtu aliye wodini.

"Ile sauti yako imekwenda wapi?"

Anavuta pumzi. "Arobaini na sita!" Kioo cha kidirisha kinatetemeka. Mzee mwenye kofia, asiyejua lolote, anapiga makofi. Mke wa Bwana Kilo anacheka na kulia kwa pamoja, sweta ikiwa usoni. Mama anaitikia kwa kichwa kama fundi aliyekubaliana na kipimo, anashuka, anadai mkongojo wake.

Anapangiwa kiti cha pili nyuma ya rubani, binti yake kiti cha nyuma yake. Propela zinaamka, moja halafu ya pili. Ndege inakimbia juu ya lami, inainuka, inapinda juu ya paa za nyumba, na kelele zinabaki nyuma kwa muda kidogo baada ya yenyewe kutoonekana.

Bwana Kilo amesimama kwenye uzio, koti la njano mkononi. Ameahidiwa pazia la kuzungushia mizani bajeti ijayo, na kama bajeti haitakuja, mama mkwe amesema atalishona mwenyewe. Kwa sasa anachosubiri ni ndege ya Ijumaa.

"Nilimwambia akirudi hatapimwa, wanaoshuka hatuwapimi," anasema. "Amekataa. Amesema akishuka atapanda mizani, na nimgeuzie ule uso, safari hiyo atasoma mwenyewe."