Siku Nilipopimwa Mimi

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka zaidi ya hapa sitaisahau: siku baba mdogo alipomwambia mke wangu afungashe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nami nikiuza mitumba sokoni Makambako. Agatha na mimi tulifunga ndoa kanisani Njombe, na mwaka wa sita ulikuwa unakwisha bila mtoto. Ukoo ukakutana nyumbani kwetu.

"Huyu arudi kwao," baba mdogo akasema. "Wewe tutakutafutia mwingine."

Nilikuwa kijana wa kubeba robota zima la mitumba mgongoni. Nani angenishuku mimi?

Agatha hakulia. Alisimama. "Mimi nimepimwa mara tatu. Huyu amepimwa lini? Sitoki humu mpaka na yeye apimwe."

Nilikwenda hospitali kwa hasira, nikitaka kumwumbua. Daktari akaniita kwenye hadubini. Nikaziona mbegu zangu, nyingi, zenye vichwa na mikia. Lakini hazikwenda popote. Chache zilitetemeka tu palepale.

"Mbegu hutengenezwa mwilini kwa zaidi ya miezi miwili," akanieleza taratibu. "Katika muda huo, chembe inayokuwa mbegu husoma maagizo iliyoyarithi, na kwa maagizo hayo hutengeneza vimeng'enya vya kugeuza sukari kuwa nguvu. Agizo lisiposomwa kwa wakati wake, mbegu hukamilika umbo, ila mkia hauna nguvu ya kuisukuma. Huenda ndivyo ilivyo kwako; hapa hatuna kipimo cha kuthibitisha. Ila si kosa la mkeo. Wala si lako."

Mwanangu, naona aibu kukuambia: cheti cha majibu nilikificha. Nikamdanganya Agatha kwamba majibu bado.

Wiki mbili baadaye baba mdogo akachoka kusubiri, akaja na gari la kubebea vitu vya Agatha. Nilipoona godoro letu limetolewa uani, majirani wakitazama, kitu kikakatika ndani yangu.

"Rudisheni! Mwenye tatizo ni mimi. Nimepimwa."

"Funga mdomo!" baba mdogo akafoka. "Mwanamume hasemi hivyo."

"Nasema. Na mkitaka nitakwenda kusema sokoni."

Gari likaondoka tupu. Agatha akanitazama. "Wiki mbili ulikuwa unajua," akasema, "ukaniacha nitukanwe." Maneno hayo yaliniuma kuliko cheti.

Alibaki. Mtoto hatukupata, na sikukubali mtu yeyote atuite nyumba tupu. Leo nakuita mwanangu kwa sababu umekuja kuniuliza habari za ndoa, nami nakujibu.

Ukioa, ukasubiri mtoto, nendeni kupimwa wote wawili. Wewe tangulia. Majibu yakiwa mabaya, yaseme siku hiyohiyo, na atakayekucheka mkazie macho. Usimbebeshe mkeo aibu ili wewe uonekane dume.

Mungu akupe watoto. Asipokupa, akupe ulimi usioogopa ukoo, na mke atakayekusamehe kama nilivyosamehewa mimi.