Kiti cha Baba Mkwe Uwanjani

Kila mtu Tukuyu amemwona mwanangu akicheza mpira, isipokuwa mimi niliyemzaa. Nikifika sokoni, hata mikungu sijaipanga vizuri, muuza nyanya wa jirani ananianza: mama, jana mwanao kampiga beki tobo, beki akakaa chini mwenyewe. Kijana wa bodaboda naye anadakia, eti lile la pili ndilo lilikuwa goli. Mimi nacheka wanapocheka na kutikisa kichwa kama mtu aliyekuwepo. Magoli ya mwanangu yote niliyajua kwa kusimuliwa.

Sababu ni kiti. Baba mkwe wangu alikuwa na kiti chake cha mbao, na kila Jumamosi mwanangu alikibeba kichwani mpaka uwanjani, akakiweka kwenye kona karibu na kibendera. Mzee alikaa pale na koti lake refu la kijani, la tangu enzi anafanya kazi kwenye mashamba ya chai, akatazama mechi mpaka filimbi ya mwisho. Na mahali alipo baba mkwe, mimi siwezi kuwapo.

Kwetu mwanamke akiolewa haonani na baba mkwe wake. Ukimwona anakuja, unaacha njia unaingia migombani. Jina lake hulitaji. Macho yako hayakutani na yake, na ukiona hata koti lake kwa mbali hutazami mara ya pili. Ni heshima, wala hakuna chuki ndani yake. Wenzangu ninaouza nao ndizi, wale wa mtaa wa Msasani hapa hapa mjini, wananicheka sana. Wanasema wao wanakula meza moja na baba wakwe zao, mimi bado najificha kama kuku aliyeiba unga. Nawajibu wacheke tu, wao hawakufundwa na mama mkwe wangu.

Mume wangu alifariki mtoto akiwa hajaanza shule. Ndugu zangu walitaka nirudi nyumbani. Nilikataa, kwa sababu yule mzee alimpenda mtoto kupita kiasi, na mtoto naye alikuwa hatoki miguuni pake. Ndiye aliyemfungia mpira wa kwanza, wa majani makavu ya migomba na kamba. Nikawa nasikia kicheko chao wawili nyuma ya nyumba huku mimi nimejibanza jikoni napika.

Mtoto alipokua ikaonekana ana vitu viwili, na vyote kwa wingi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unazungumzwa hadi Mbeya. Darasani nako, walimu walikuwa wananiita si kwa kunilalamikia, bali kuniambia huyu asipotezwe. Mimi niliishia darasa la saba, tena si kwa kufeli. Nimewaona vijana wa hapa waliokuwa wakibebwa juu juu kila Jumamosi, leo wanasukuma baiskeli za ndizi kupanda mlima na goti limevimba. Kwa hiyo tukagawana mtoto, mimi na mzee: siku za shule zangu, Jumamosi yake.

Msidhani tuliyapanga hayo kwa kukaa na kuzungumza. Yeye alikaa uani, mimi jikoni, na katikati mama mkwe anachambua mboga. Mzee anasema kwa sauti, "Mwambie mama yake Jumamosi namchukua." Nimesikia vizuri kabisa, lakini mama mkwe ananigeukia ananirudishia neno kwa neno. Nami namjibu yeye, naye anampelekea mzee aliyekwisha kusikia. Tumegombana hivyo miaka mingi, kwa adabu zote.

Mwanangu alipokuwa kidato cha nne akaja kocha wa timu ya vijana kutoka Dar es Salaam. Alitaka kumchukua papo hapo, shule atamalizia huko huko. Mzee alifurahi mpaka akaimba. Mimi nilikataa kata kata. Niliuambia ule ukuta wa jikoni kwamba mtoto haendi popote kabla ya mtihani, na anayetaka kumchukua anipite mimi kwanza. Mama mkwe safari hii aliyapunguza makali kidogo alipoyafikisha, lakini mzee ana masikio.

Kijana mwenyewe alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, akisikiliza watu wawili waliompenda wakimvuta huku na huku.

"Mimi nataka vyote, mama," alisema. "Mbona naweza vyote?"

Na ni kweli alikuwa anaweza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku kadhaa zikapita. Kisha jioni moja nikamsikia mzee uani, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Mwambie mama yake nimekubali. Amalize mtihani kwanza, kocha atasubiri. Ila mechi ya mwisho kabla ya mtihani aende yeye akamwone mwanawe. Siku hiyo mimi nabaki nyumbani. Kiti namwachia."

Mama mkwe alinigeukia anirudishie maneno, akakuta nalia juu ya sufuria, akayaacha. Baba mkwe kumwachia mkwewe kiti chake, jamani, hayo sikuwahi kuyasikia kwetu.

Siku ya mechi nilivaa kitenge changu cha kanisani. Mwanangu alitangulia na kiti. Kocha wa Dar naye alikuwa amerudi kumtazama. Nilichelewa kidogo sokoni, na nilipoanza kupanda njia ya uwanjani ukungu ulikuwa umeshuka na manyunyu yameanza. Nikafika kwenye miti iliyo juu ya uwanja. Watu wamejaa, mpira umeanza. Nikatafuta kona yenye kibendera, nikakiona kiti kwa nyuma, na kwenye kiti koti la kijani.

Macho yalishuka yenyewe. Nilishazoea hivyo tangu nilipoolewa, mwili unafanya kabla hujafikiri. Niligeuka nikaingia kwenye shamba la chai lililo upande wa pili, nikachuchumaa na kitenge changu kizuri kwenye matope. Nikamlaani yule mzee kimoyomoyo. Nilisema ameshindwa kuvumilia siku moja tu, siku moja ambayo aliniahidi kwa kinywa chake.

Kutoka kule niliusikia mpira wote. Nilisikia uwanja ukilipuka, wakiita jina la mwanangu, nikajua amefunga. Nikapiga makofi peke yangu katikati ya chai. Baadaye nikasikia sauti nyingine, ya watu kunyamaza wote kwa pamoja. Hapo sikumfikiria tena mkwe wala mila. Nilikimbia. Nilimkuta wamembeba, goti limegeuka upande ambao goti haligeukii. Alinishika mkono akadhani muda wote nilikuwa nimesimama na watu.

Hospitali ya misheni walimhudumia vizuri, lakini daktari hakuzungusha maneno. Kutembea atatembea, mpira wa mashindano basi. Kocha alikuja wodini na mfuko wa machungwa, akakaa kidogo, akaaga. Babu yake alikuja kila siku, na yeye akiingia mimi natokea mlango wa nyuma. Hasira yangu juu yake ilikuwa kubwa, na sikumwambia mtu. Mama mkwe ningemwambia nini, ni mumewe.

Mwanangu alifanya mtihani na mguu wake umefungwa hogo la plasta, umenyooshwa juu ya kiti cha pili. Matokeo yalipotoka alikuwa wa kwanza shuleni kwao. Mtaani walinipongeza, wakasema nilikuwa sahihi kushikilia shule. Niliitikia ahsante, nikaingia ndani nikalala mchana kweupe.

Uwanjani mzee hakwenda tena. Kiti kilikaa ukutani, kuku wakalala chini yake. Msimu wa baridi uliofuata naye akafariki. Kwenye kutoa heshima za mwisho nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza bila kukwepa. Alikuwa na kidevu cha mwanangu, na mimi sikuwahi kujua. Hata pale, Mungu anisamehe, bado nilikuwa nimemnunia.

Matanga yalipoisha wazee waligawa nguo zake, na koti la kijani akapewa mjukuu. Alilivaa akaja jikoni anionyeshe, akichechemea, mikono imempita kidogo. Ulimi wangu ukaniponyoka. Nilimwambia lile koti asilivae mbele yangu, maana babu yake ndilo alilolivaa akaja kukaa kwenye kiti alichoniachia, nami nikaishia kwenye chai bila kumwona mwanangu akicheza hata mara moja.

Alinitazama kama hanielewi. Kisha akaelewa, akakaa chini polepole kwa sababu ya goti.

"Babu hakutoka nyumbani siku ile, mama," alisema. "Hili koti alilivua mwenyewe, akanipa. Akasema mvua inakuja, mtandikie mama yako kwenye kiti, akifika asilowe."

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mzee lililo kati ya migomba. Nilisimama mbele yake wazi wazi, bila mtu wa kunipelekea neno, na sikujua namna ya kuanza kuzungumza naye.